Rula Ishindayo Dunia

Siku ya kiangazi, hewa ikiwa kavu, mwanafunzi wa Mwisenge akiitwaa rula ya plastiki, akaisugua sana katika sweta yake, kisha akaisogeza juu ya vipande vidogo vya karatasi, ataona ajabu. Karatasi zaruka juu na kunata katika rula.

Wala jambo hili si dogo. Karatasi zile zilikuwa zimelala mezani kwa sababu dunia nzima yazivuta: milima yote, maji yote ya Ziwa Viktoria, na miamba mikubwa ya Musoma. Uzito wa dunia kwa kilo ni 6 ikifuatwa na sifuri 24. Hata hivyo rula moja imeshindana na dunia nzima, ikashinda.

Nguvu ya dunia huitwa uvutano. Isaac Newton wa Uingereza alitangaza kanuni yake mwaka 1687. Nguvu ya rula ni nguvu ya umeme. Charles Coulomb wa Ufaransa aliipima mwaka 1785. Nguvu hizi zafanana katika jambo moja: umbali baina ya vitu viwili ukizidi mara mbili, nguvu hupungua ikawa robo, ukizidi mara tatu, huwa sehemu ya tisa.

Lakini zatofautiana katika mambo mawili. Kwanza, uvutano huvuta tu, hausukumi kamwe. Umeme una namna mbili, chanya na hasi. Zisizo sawa huvutana, na zilizo sawa husukumana. Pili, umeme una nguvu kupita kiasi. Ndani ya kila kitu mna chembe ndogo mno ziitwazo protoni, zenye umeme chanya. Protoni mbili husukumana kwa umeme kuliko zinavyovutana kwa uzito wao, mara 1 ikifuatwa na sifuri 36.

Mbona basi embe huanguka chini, wala halitupwi angani? Sababu ni kwamba katika kila kitu chanya na hasi huwa karibu sawasawa, nazo huondoleana nguvu. Bali uzito hauna kinyume chake; kila jiwe huongeza uvutano. Msuguo wa sweta ulihamisha sehemu ndogo sana tu ya umeme, nayo ikatosha kuinua karatasi.

Wingu la tufani hufanya vivyo hivyo kwa ukubwa. Chembe za barafu hugongana ndani yake, chanya na hasi hutengana, ndipo radi hupiga. Ziwa Viktoria lina radi nyingi, hasa usiku, na tufani zake zimeua wavuvi wengi. Basi asikiaye ngurumo na atoke majini, aingie nyumbani, wala asisimame chini ya mti. Aliyeona kazi ya rula moja asilidharau wingu zima.

Maswali
1. Ni nini kinachoivuta karatasi chini, na ni nini kinachoiinua?
2. Nguvu hizi mbili zafanana kwa nini? Zatofautiana kwa nini?
3. Kwa nini si salama kuwa ziwani wakati wa ngurumo?