Umenenepa bila sababu? Chunguza dawa unazotumia

Msomaji, huenda nguo zilizokutosha mwaka jana sasa zinakubana, ilhali chakula chako ni kile kile. Majirani wa Kibera au Kawangware watakusifu kwamba maisha yamekunyookea. Usifurahie wala kuhuzunika kabla ya kujua chanzo.

Ni kweli wengi hunenepeshwa na chakula. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 43 kati ya kila 100 mijini, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzani kupita kiasi. Mandazi, chipsi na soda za kando ya barabara husahaulika upesi mtu anapohesabu alichokula.

Hata hivyo, kuna sababu nyingine.

Vidonge vya steroidi: Prednisoloni na deksamethasoni hutibu maradhi kama pumu. Wengine huvinunua bila cheti cha daktari ili wanenepe. Uso huviringana na tumbo hukua, huku mikono na miguu ikikonda. Shinikizo la damu na kisukari huweza kufuata. Ikiwa umevimeza kwa majuma kadhaa, usiache ghafla, kwani mwili huwa umezoea kutotengeneza homoni yake na waweza kuzirai, hata kufa. Daktari atakupunguzia polepole.

Sindano ya uzazi ya miezi mitatu: Huwanenepesha baadhi ya wanawake. Zipo njia nyingine, muulize muuguzi.

Dawa za Ukimwi: Dolutegraviri, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2017, huongeza uzani wa baadhi ya wagonjwa. Usiiache! Virusi vitazaana upya. Mweleze anayekutibu.

Tezi ya shingo: Ikilegea, mtu huhisi baridi na uchovu, hufunga choo, na ngozi hukauka.

Maji mwilini: Bonyeza mfupa wa mguu kwa kidole. Shimo likibaki, huenda moyo, figo au ini lina kasoro. Ukikosa pumzi, au ukiwa mja mzito na uso umevimba, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Unapokwenda katika hospitali ya Mbagathi, kituo cha Riruta au zahanati iliyo karibu nawe, beba dawa zako zote, hata ulizopewa na rafiki. Usione haya kuzitaja. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.