Somo la Nne: Kitufe Kikubwa na Kitufe Kidogo – Jinsi ya Kutambua Usanifu wa Hila Katika Programu za Simu

Kila kitu tunachokitumia kina mpangilio uliofikiriwa na mtu mwingine kabla yetu. Mlango wenye mpini humwelekeza mgeni avute. Mlango wenye bati bapa humwelekeza asukume, na yote miwili hufanya hivyo bila neno lolote kuandikwa. Mtaalamu wa Marekani, Donald Norman, alilieleza jambo hili katika kitabu chake juu ya usanifu wa vitu vya kila siku, kilichochapishwa mwaka 1988. Alisisitiza kwamba watu wengi wanapokosea katika kutumia kitu kimoja, kasoro huwa katika usanifu wa kitu hicho, wala si katika akili za watumiaji.

Kioo cha simu nacho ni mlango wa namna hiyo. Rangi ya kitufe, ukubwa wa herufi na mpangilio wa kurasa huongoza kidole cha mtumiaji kabla hajasoma neno. Msanifu mwadilifu hutumia ujuzi huo kumrahisishia mtu kazi yake. Hata hivyo, ujuzi uleule unaweza kutumika kumfikisha mtumiaji mahali ambapo hakukusudia kwenda: kulipa zaidi, kujiunga na huduma asiyoihitaji, au kutoa taarifa zake na za jamaa zake. Mwaka 2010, msanifu wa Uingereza Harry Brignull alianza kukusanya na kutangaza mifano ya mbinu hizo. Katika kijitabu hiki tunaziita usanifu wa hila.

Baada ya somo hili, msomaji ataweza kutambua mitego mitano iliyo ya kawaida, kukokotoa gharama halisi ya mkopo wa simu, na kujua hatua za kuchukua anapodhurika.

Mitego mitano

1. Chaguo lililowekwa tayari. Kisanduku kimekwisha kutiwa alama ya vema kabla hujakigusa: bima ya ziada, matangazo, au malipo yanayojirudia kila mwezi. Mwenye programu anajua kwamba watu wengi huacha mambo kama walivyoyakuta. Ukimya wa mtumiaji unageuzwa kuwa ridhaa.

2. Kuingia kwepesi, kutoka kugumu. Kujiunga ni kubonyeza mara moja. Kujiondoa ni safari. Mwezi Juni 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya Amazon ikidai kwamba mteja aliyetaka kujitoa katika huduma ya Prime alilazimika kupitia kurasa 4, kubonyeza mara 6 na kukutana na machaguo 15. Mwezi Septemba 2025, kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 ili kumaliza shauri hilo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikatengwa kwa ajili ya kuwarudishia wateja.

3. Gharama inayojitokeza mwisho. Bei ya kwanza ni ndogo; ada ya huduma, ya usafirishaji na ya malipo huonekana katika ukurasa wa mwisho, wakati mnunuzi amekwisha kuchoka kujaza fomu na hapendi kuanza upya.

4. Haraka na aibu ya bandia. Saa huhesabu dakika kwenda nyuma, au maandishi husema kwamba bidhaa imebaki moja tu. Mara nyingine kitufe cha kukataa huandikwa kwa maneno ya kumsimanga mtumiaji, kama vile: “Hapana, sihitaji kuokoa fedha zangu.” Ukifunga ukurasa na kuufungua tena, ukaikuta saa imeanza upya, umekwisha kupata jibu.

5. Ruhusa isiyohusiana na huduma. Programu ya mkopo huomba kusoma majina yaliyomo katika simu yako, ujumbe wako mfupi na picha zako. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na chenye rangi. Cha kukataa ni kidogo, chenye rangi ya majivu, au hakipo kabisa.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kufikirika. Programu inatangaza mkopo wa shilingi 100,000 kwa siku 7, na kwa herufi kubwa inaandika kwamba hakuna riba. Mkopaji anapokubali, anapokea shilingi 80,000, kwa kuwa 20,000 imekatwa mapema kwa jina la ada ya uchakataji. Baada ya siku 7 anatakiwa kurejesha shilingi 100,000.

Gharama ya kweli huhesabiwa kwa kiasi kilichopokewa mkononi. Gawanya 20,000 kwa 80,000: ni asilimia 25 kwa juma moja. Tuseme siku ya malipo imefika naye hana fedha. Kitufe kikubwa kinamwambia aongeze muda kwa kulipa shilingi 20,000 tu. Akikibonyeza mara nne, katika siku 28 atakuwa amelipa shilingi 80,000, yaani kiasi chote alichopokea, na bado deni la shilingi 100,000 liko palepale.

Kinachofuata ndicho kinachoumiza zaidi. Kwa kuwa alitoa ruhusa ya kusomwa majina, ujumbe wa kumtangaza kuwa mdaiwa sugu unaweza kutumwa kwa mwajiri wake, kwa wakwe zake, au kwa jirani ambaye hajui lolote kuhusu mkopo huo. Deni la mtu mmoja hugeuzwa kuwa fedheha mbele ya ukoo mzima, na watu ambao hawakuridhia lolote hukuta namba zao zimo katika orodha ya mkopeshaji.

Sheria na taratibu

Serikali mbalimbali zimeanza kuuchukulia usanifu wa hila kuwa suala la sheria. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024, inayakataza majukwaa ya mtandaoni kusanifu kurasa zake kwa namna ya kumdanganya au kumrubuni mtumiaji. India ilitoa mwongozo mwaka 2023 ulioorodhesha mbinu 13 za aina hiyo. Jirani zetu wa Kenya walitangulia katika jambo moja muhimu: mwaka 2016, Mamlaka ya Ushindani ya nchi hiyo iliwaagiza watoa huduma za fedha kwa simu kumwonyesha mteja gharama kabla hajathibitisha muamala.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na mahususi, na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Huduma ndogo za fedha nazo husimamiwa chini ya sheria ya mwaka 2018, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo bila leseni.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kupakua: hakikisha kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Kuwapo kwa programu katika duka la programu si uthibitisho wa leseni.

Kabla ya kubonyeza: tafuta kwanza kitufe kidogo. Ondoa alama za vema ambazo hukuziweka wewe. Jiulize: nitapokea kiasi gani mkononi, nitarejesha kiasi gani, na lini?

Unapoombwa ruhusa: kataa kila ruhusa isiyohusiana na huduma. Kama ulikwisha kuitoa, ingia katika mipangilio ya simu uiondoe. Fahamu kwamba kuifuta programu hakufuti taarifa zilizokwisha kuchukuliwa.

Unapodhurika: piga picha ya kila ukurasa, tunza ujumbe wote na risiti, kisha mwandikie mtoa huduma. Asipokuridhisha, peleka malalamiko ya matumizi mabaya ya taarifa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na yale ya mikopo kwa Benki Kuu ya Tanzania. Ndugu au jirani aliyetumiwa ujumbe wa kukudhalilisha anaweza naye kulalamika kwa nafsi yake, kwa kuwa taarifa zake pia zimetumika.

Maswali ya kujipima

1. Fungua programu moja uliyonayo. Ni ruhusa zipi umeipa, na ipi kati ya hizo haina uhusiano na kazi yake?

2. Mkopo wa shilingi 50,000 umekatwa ada ya shilingi 10,000 mapema. Mkopaji anarejesha shilingi 50,000. Gharama halisi ni asilimia ngapi ya alichopokea? (Jibu: asilimia 25.)

3. Chagua huduma moja unayolipia kila mwezi, kisha hesabu hatua za kujiondoa. Zilinganishe na hatua za kujiunga.

Yafanyeni mazoezi haya pamoja na wenzenu nyumbani, hasa wazee waliopewa simu mpya na vijana wanaoanza kukopa.