Bima ya Moto, na Hisabu Isiyoonyeshwa

Ndugu mmoja wa darasa letu, ambaye jamaa zake wana nyumba na duka Keroka, mji ulioko mpakani mwa Kisii na Nyamira, ametuuliza: Kampuni ya bima ikisema kwamba nyumba ya mtu ina hatari kubwa ya moto, je, yapasa imwonyeshe imeipimaje hatari hiyo?

Asiyeijua nchi ya Wagusii huenda akastaajabu kusikia habari za moto wa vichaka katika milima ya chai na migomba, yenye mvua karibu mwaka mzima. Ni kweli, nchi ile si kama Mlima Kenya, ambako moto wa mwaka 2012 uliteketeza maelfu ya ekari. Lakini Januari na Februari majani hukauka, wakulima huchoma mabua wakisafisha mashamba, na vilima vingi vimepandwa mikalatusi, mti wenye mafuta ushikao moto upesi. Tena watu wamebanana, shamba la huyu laishia ukutani kwa yule. Na juu ya hayo kuna radi, ambayo Kisii yajulikana kwayo.

Sasa tuitazame hati yenyewe. Hati ya kawaida ya bima ya moto, tuliyoirithi kwa Waingereza, hulipa hasara ya moto na ya radi. Wengi husoma hapo wakaikunja. Laiti wangaliendelea mpaka masharti ya nyuma, wangaliona kwamba kuungua kwa misitu na vichaka, na kusafisha ardhi kwa moto, kumetolewa nje. Basi moto ukianza shambani kwa jirani, ukapanda mikalatusi, ukashukia nyumba yako, mwenye bima aweza kukwambia kwamba huo si moto aliokuuzia. Kinga ya moto wa vichaka hununuliwa mbali, na ni lazima iandikwe. Kadhalika ghasia: waliochomewa nyumba mpakani mwa Borabu na Sotik baada ya uchaguzi wa 2007 hawakuwa na kinga katika bima ya moto mtupu.

Liko na sharti la wastani. Nyumba yenye thamani ya shilingi 2,000,000 ikikatiwa bima ya 1,000,000, kisha moto ukaharibu vitu vya 600,000, mwenyewe hulipwa 300,000 tu, kwa kuwa alikinga nusu. Wangapi wameelezwa haya siku ya kutia sahihi?

Ama kupima hatari, hutazamwa kuta, paa, jiko la kuni, umbali wa nyumba ya jirani na biashara ifanywayo chini. Mkaguzi huandika ripoti, nayo huenda kwa kampuni. Mwenye nyumba huletewa bei tu. Watu wa bima husema hiyo ni siri ya biashara. Sisi twaona hoja hii ni dhaifu. Mkata bima amelazimishwa kufichua kila alijualo, na akificha jambo moja kubwa mkataba wake hubatilika. Vipi basi mizani ya upande wa pili ifunikwe kitambaa? Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah, mwaka 1985, iliikataa bima ya biashara kwa sababu ya gharari, ikaruhusu ya kusaidiana. Takaful imeanza kuuzwa Kenya mwaka 2011, lakini jina jema peke yake halifungui daftari; nayo iulizwe maswali haya haya.

Huko California, ambako moto wa mwituni ni balaa ya kila mwaka, kanuni ya 2022 imewalazimisha wenye bima kumwonyesha mwenye nyumba alama aliyopewa na sababu zake, kumpa njia ya kukata rufani, na kumpunguzia malipo akifyeka vichaka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimempa mnunuzi haki ya kupata habari zimwezeshazo kufaidi alichonunua. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake, na ya kupinga uamuzi uliotolewa na mashine peke yake.

Kwa hiyo twamjibu ndugu yetu: ndiyo, yapasa. Jamaa zake waandike barua wakiomba nakala ya ripoti ya mkaguzi, na waulize wazi kama moto wa vichaka umo hatini. Wakinyamaziwa, wapeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, Nairobi. Na wafanye hivyo kabla ya Januari, mabua hayajaanza kuchomwa.