Panya Buku na Deni Letu: Je, Mnyama Anatusaidia kwa Kujua?



Nyumbani kwetu panya buku alikuwa adui. Alifukua mbegu za karanga shambani, nasi watoto tulimfukizia moshi shimoni hadi atoke, mbwa wakamaliza kazi. Miaka baadaye baba yangu mdogo alikohoa kwa miezi mingi. Kipimo cha kwanza cha makohozi kilisema hana kifua kikuu. Cha pili, kilichochelewa, kikasema anacho. Muda wote huo alilala chumba kimoja na wanawe. Ndiyo maana nilipofahamu kazi inayofanyika Morogoro, sikuweza kuipita hivi hivi.

1. Panya anafanya nini?

Shirika la APOPO, lenye kituo cha mafunzo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa. Akitambua harufu inayotakiwa, husikia mlio mfupi na kupewa chakula, kama vile ndizi. Baadhi hutafuta mabomu ya kutegwa ardhini. Kwa wepesi wao hawayalipui. Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia.

Wengine hunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa kwenye vituo vya afya. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Sampuli anayoionyesha hupimwa tena maabara kabla mgonjwa hajaitwa. Panya hatoi hukumu. Anaonyesha pa kutazama upya.

2. Je, anajua anachofanya?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba mnyama ana nafsi ya hisi: anahisi, anakumbuka, anatamani, lakini hafikirii kwa akili kama mtu. Basi panya anatafuta ndizi, hatafuti uzima wa baba mdogo. Mwingine atasema: kama hakukusudia, hakusaidia, ni chombo tu, kama darubini.

Nakubali nusu tu. Mshale, asema Thoma, hufika shabaha kwa sababu mpiga upinde ameuelekeza. Vivyo hivyo mwalimu ndiye anayeielekeza pua ya panya kwenye uponyaji. Lakini darubini haina njaa, haina hofu, haichoki. Panya anavyo vyote hivyo. Kumwita chombo tu ni kusahau nusu ya ukweli.

3. Deni ni la nani?

Katekisimu (2416–2418) inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunapaswa kuwatendea wema. Twaweza kuwatumia kwa haki, ila kuwatesa bila sababu ni kinyume cha hadhi yetu wenyewe. Mithali 12:10 humtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake.

Hapa ndipo hoja inapofikia. Panya hatudai kitu, maana hajui alichotupa. Sisi tunajua. Anayejua ndiye anayedaiwa. Kumpa chakula, matibabu na pumziko la uzeeni ni haki, si huruma ya ziada.

Bado naamini mkulima anaweza kulinda karanga zake. Ila ule moshi, na kicheko chetu tulipokuwa tukisubiri mbwa, siwezi tena kuviita kulinda shamba.

Kwa tafakari:
- Ni mnyama gani unayefaidika naye bila kumjali?
- Je, ukali wako kwake umewahi kuhamia kwa binadamu mwenzako?