Hati na picha za kale za Usambara: namna ya kuzipata mtandaoni na kuzitumia kihalali

Ukitafuta Lushoto ya zamani kwenye katalogi za maktaba za Ulaya, usianze na neno Lushoto. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na huko jina hilo halijafutwa. Wengine huliandika Wilhelmsthal, kwa h. Mlalo imejificha chini ya Hohenfriedeberg, jina la kituo cha misheni. Washambaa nao wameandikwa Schambala, Shambala, Waschambaa. Jaribu yote, na uongeze Deutsch-Ostafrika.

Kwa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, anzia maktaba ya chuo cha SOAS, London, yenye mikusanyo ya W. E. Taylor na William Hichens. Andika utenzi, kisha utendi, maana waandishi wa pwani ya kaskazini walipenda la pili. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimo katika mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, namba EAP466. Hati zenyewe zimebaki Lamu. Zilizosafiri ni picha tu.

Picha ikifunguka, ivute karibu hadi uone nukta. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa b, p na hata mb, kwa hiyo mwenye mazoea ya Kiarabu pekee anaweza kukwama. Mpelekee ustadhi wa madrasa anayejua pia mashairi. Wewe na yeye mkikaa pamoja, kazi huenda.

Kabla ya kupakua, nakili namba ya hati, namba ya karatasi pamoja na upande wake (r ni mbele, v ni nyuma) na kiungo cha kudumu. Picha iliyopigwa kwenye kioo cha simu bila namba haimsaidii mtu. Pale inaporuhusiwa, weka nakala yako: Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi.

Sasa ruhusa, na hapa ndipo watu huteleza. Kuonekana bure si kutumika bure. Chukua Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapwa Magila kati ya 1895 na 1907. Mwandishi alifariki 1912, na sheria yetu ya Tanzania ya hakimiliki ya 1999 humlinda mwandishi maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Maneno yake, basi, ni ya wote. Tafsiri ya Kiingereza ya 1963 ni kazi nyingine, yenye haki zake. Na maktaba iliyopiga picha kurasa inaweza kuweka masharti yake juu ya picha hizo.

Masharti hayo mara nyingi huandikwa chini ya picha kwa vifupisho vya leseni za Creative Commons (CC). BY: taja mwenye kazi. NC: usifanyie biashara. ND: usiibadili. SA: ukiibadili, kazi yako nayo itoke kwa ruhusa ileile. Bango la darasani na fulana za kuwauzia watalii si jambo moja, hata picha ikiwa ileile.

Mfano mzuri ni picha za Walther Dobbertin, aliyepiga picha nyingi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hifadhi ya taifa ya Ujerumani iliweka nyingi Wikimedia Commons kwa BY-SA 3.0, hivyo hata kuuza unaruhusiwa, mradi uandike: Bundesarchiv, Bild 105-DOA na namba ya picha, Walther Dobbertin, CC-BY-SA 3.0. Mstari huo ukae palepale chini ya picha, usifichwe ukurasa wa mwisho.

Pasipo na alama yoyote, mwandikie mkutubi barua pepe fupi: namba ya hati, unakoitumia, nakala ngapi, zinauzwa au la. Kama ni kijitabu cha kijiji kisichouzwa, liseme hilo mstari wa kwanza, halafu subiri jibu lililoandikwa kabla ya kwenda kwa mchapaji.