Msimamizi wa mirathi si mwenye mali

Baba yetu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, kikao cha familia kilinipendekeza mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Nikapeleka muhtasari wa kikao Mahakama ya Mwanzo hapa Dar es Salaam, tangazo likabandikwa, siku zikapita bila pingamizi, nikapewa fomu namba 4. Niliitunza kabatini kana kwamba ni hati ya nyumba. Kosa langu lilianzia hapo.

Kwa karibu miaka miwili nilipokea kodi ya wapangaji. Nyingine niliezekea vyumba vya uani, nyingine nikalipia ada za wanangu. Sikujiona mwizi, maana mimi ndiye mkubwa. Siku moja baada ya Idd mdogo wangu wa kike akaniuliza kwa adabu: "Kaka, kodi ya baba inaandikwa wapi?" Sikuwa na daftari.

Ndugu msomaji, fomu ile haimpi mtu mali, inampa kazi. Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi apeleke mahakamani, ndani ya miezi minne, orodha ya mali na madeni yote ya marehemu kwa fomu namba 5, isipokuwa kama mahakama imemwongezea muda. Kisha atoe hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, kwa fomu namba 6. Akipuuza, warithi wanaweza kurudi mahakama ileile kuomba uteuzi wake utenguliwe. Wengi wetu huishia fomu namba 4, na warithi nao hunyamaza kwa kuona haya.

Na kwa Muislamu mgawo una utaratibu wake. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni (mahari ambayo mke hakulipwa nayo ni deni, hili watu hulisahau sana), kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi kwa mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12. Babu na bibi walikwishatangulia, hivyo tulibaki mama, mimi na dada zangu wawili. Chukulia kodi ya mwezi ni shilingi 320,000 na deni hakuna. Mama anapata thumni, yaani moja ya nane, shilingi 40,000. Zinazobaki 280,000 ni mafungu manne: mimi mawili, 140,000, na kila dada moja, 70,000. Maana yake kila mwezi nilikuwa nikila shilingi 180,000 za watu, na mmoja wao ni mama yangu mjane.

Mama alinisamehe fungu lake. Yule mdogo hakusamehe, na ana haki. Namlipa kidogo kidogo, na kila ninapomlipa anatia saini kwenye daftari.