Homoni za Mwanamke na Kumbukumbu Zake

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, umri wangu miaka 49. Tangu mwaka jana hedhi yangu imevurugika: hukatika miezi miwili, kisha ikarudi. Usiku silali kwa joto na jasho, na siku hizi nasahau hata majina ya wanafunzi niliowafundisha mwaka mzima. Marehemu mama alipotewa na kumbukumbu uzeeni hata asitutambue wanawe. Wifi yangu ananihimiza nitumie vidonge vya homoni ili ubongo usizeeke. Je, maradhi ya mama yamenianza? Na vidonge hivyo vitanikinga?

JIBU: Mwalimu, mtu aliyemuuguza mzazi wake katika maradhi hayo hana budi kuingiwa na hofu kila anaposahau jambo, hata likiwa dogo. Walakini mambo uliyoyaeleza, yaani umri wako, hedhi isiyo na mpango, joto, jasho na usingizi wa mang'amung'amu, yote yaelekea kwenye kipindi cha kukaribia kukoma hedhi, jambo ambalo huwafikia wanawake wengi baina ya miaka 45 na 55, na usahaulifu wa kipindi hicho aghalabu ni wa kupita.

Wengi hudhani kwamba kazi ya estrojeni, homoni itokayo katika ovari, hukomea kwenye kizazi, ilhali ubongo nao una vipokezi vya homoni hiyo, hususan katika sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo huyapokea mambo mapya na kuyahifadhi, na katika sehemu ya mbele, ambayo hutuwezesha kupanga mambo na kukaza fikira. Mwaka 1990 Catherine Woolley na Bruce McEwen, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walionyesha katika panya majike kwamba vichomozo vidogo vya seli za neva, ambavyo kwavyo seli moja hupokea habari za nyingine, huongezeka estrojeni inapopanda na hupungua inaposhuka, na mageuzi hayo yote hutimia katika mzunguko wa siku 4 au 5 tu. Basi homoni hiyo inapoyumba kwa mwanamke wa umri wako, si ajabu dhihni nayo ikayumba, hasa ikiwa usingizi umeadimika, kwani ni usingizini ndipo ubongo unapoyaimarisha yale tuliyojifunza mchana.

Wataalamu wa Marekani waliwafuatilia wanawake 2,362 kwa miaka 4, wakatoa matokeo yao mwaka 2009: waliokuwa wakielekea ukomo wa hedhi hawakupata maendeleo katika mitihani ya kumbukumbu iliyorudiwarudiwa, kama walivyopata kabla yake, lakini hedhi ilipokwisha kukoma kabisa, uwezo huo wa kujifunza uliwarejea.

Ama hoja ya wifi yako, kwamba kilichopungua kikirudishwa na madhara yataondoka, iliwashawishi hata matabibu mahodari kwa miaka mingi, mpaka ulipotolewa mwaka 2003 utafiti wa wanawake 4,532 wenye miaka 65 na zaidi, takriban nusu yao wakipewa estrojeni pamoja na projestini (dawa ya homoni ya pili ya kike), na waliosalia vidonge visivyo na dawa. Baada ya kiasi cha miaka 4, waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kupotewa na akili walikuwa 40 miongoni mwa waliotumia dawa, na 21 tu miongoni mwa wasioitumia. Tafiti za baadaye, zilizowahusu wanawake walioanza dawa hiyo miaka michache tu baada ya hedhi kukoma, hazikuona madhara kwa kumbukumbu, wala hazikuona faida. Hali ni nyingine kwa mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili angali kijana, kwani utafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya akili kudhoofika uzeeni huzidi kadiri alivyopasuliwa mapema, na huyo ndiye anayestahili kuzungumza na daktari wake juu ya homoni bila ya kuchelewa. Wakati, Mwalimu, ni sehemu ya tiba.

Kwa hiyo nakusihi usinunue vidonge hivyo dukani kwa shauri la jamaa, ijapokuwa lina mapenzi ndani yake. Nenda hospitali upimwe shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwani kasoro za hayo nazo huleta usahaulifu. Na ikiwa joto na jasho vinakukosesha raha, daktari aweza kukuandikia homoni kwa ajili ya hayo, baada ya kuhakikisha kwamba huna historia ya saratani ya matiti wala ya damu kuganda mishipani.

Juu ya urithi wa mama, ripoti ya jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2024 yakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi haya yangeweza kuzuiliwa au kucheleweshwa, kwa kuitunza afya ya moyo na mishipa, masikio na macho, kwa kuacha tumbaku, kwa mazoezi ya mwili na kwa kutojitenga na watu. Hayo yote yamo mikononi mwako tangu leo. Kusahau jina na kulikumbuka baadaye kusikutie hofu. Bali ukipotea njia uliyoizoea, au ukishindwa na kazi uliyoifanya miaka yote, au jamaa wakiona mabadiliko usiyoyaona mwenyewe, hapo usingoje, mwone daktari mara moja.